Tango la Pili

Siku ya tano ya matanga, mdogo wangu Yifat alijipaka rangi ya mdomo bila kioo. Vioo vyote vya nyumba tulivifunika mashuka, desturi yetu Wayahudi tukifiwa, tangu tuliporudi makaburini, basi alisimama mbele ya shuka la kioo cha ukumbini akajipaka kwa kukisia, na mdomo wa juu ukapata zaidi ya wa chini. Mimi nilikuwa sebuleni kwenye kigoda changu, blauzi imechanwa kolani kama yake, miguu ndani ya kandambili, namtazama. Mfiwa hajipambi, na anayejipamba ana mahali pa kwenda.

Mama naye alimwona. "Unatoka, mwanangu?"

"Saa mbili tu, Mama. Ni Tel Aviv hapo, si mwezini."

"Matanga ni siku saba!" Amu Naji akadakia kutoka kwenye sofa. Amu Naji ni mdogo wake baba, na tangu siku ya kwanza alijipa kazi ya kuwa askari wa sheria. "Saba! Hujui kuhesabu?"

"Nimempigia rabi," Yifat akasema. "Baada ya siku tatu, mtu ambaye riziki yake iko hatarini anaruhusiwa kwenda kazini."

"Riziki? Riziki ni kuuza nyanya sokoni! Kupigiwa makofi nako ni riziki?"

"Kwangu mimi ndiyo, Amu. Nyanya sina."

Jirani mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Filamu yake inamhusu baba yetu. Dereva wa basi wa Ramat Gan, mkali, mchoyo wa maneno, anaugua, anakufa, na binti yake anaketi matanga. Ameiandika na kuiongoza baba akiwa hai bado, na ilishazunguka matamasha ya Ulaya na kurudi na sifa hadi bango lake likakosa nafasi ya kuandika jina. Watu wa huko walilia, wakasimama, wakapiga makofi. Jioni ile zilikuwa zinatolewa tuzo za filamu za taifa, na itakayoshinda ndiyo nchi inayoipeleka ng'ambo kugombea ile tuzo ambayo hata Amu Naji anaijua.

Mimi sijaiona. Yifat mwenyewe aliniambia kabla hawajaanza kupiga picha, nikiwa naosha vyombo: "Dada, usinune. Kwenye filamu baba ana binti mmoja. Hadithi inakaa vizuri zaidi hivyo."

Hadithi inakaa vizuri! Mimi niliyerudi hapa baada ya talaka, kwa muda tu, na ule muda ukanizeesha. Mimi niliyekuwa nampeleka baba hospitali kusafishwa damu, kiangazi na masika, kisha nakimbilia kwenye kliniki ya meno ninakopokea simu. Yeye alikuwa Paris, Berlin, sijui wapi, akieleza jukwaani jinsi ilivyo vigumu kumpenda mtu kama baba. Nikaondolewa kama kiti kinachozuia njia. Nikaapa sitaitazama filamu ile hata wakiileta kitandani kwangu.

Lakini katika siku zile nilitaka kitu kimoja. Nilitaka Yifat akae. Hakukaa kwenye ugonjwa, hakukaa kwenye hospitali; basi akae siku saba kwenye kigoda, mgongo umuume kama unavyoniuma, hewa imwishie kama ilivyoniishia mimi ndani ya kuta hizi. Akinyanyuka jioni ile, nilijiambia, sina tena mdogo.

Alasiri aliingia Rahamim Elbaz.

Huhitaji kuwa mpenzi wa filamu kumjua Rahamim Elbaz. Sura yake iko hata kwenye matangazo ya benki. Yeye ndiye aliyeigiza baba. Alikuja amevaa suti nyeusi ya sherehe, na mlango ulikuwa wazi kama ilivyo desturi. Hakusalimia, kama ilivyo desturi vilevile. Alipita katikati ya viti vya plastiki vilivyojaa majirani, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha baba kilichopo dirishani, akaketi. Mkono wake wa kulia ukashuka pembeni bila yeye kutazama, ukavuta kile kichuma cha kuinulia miguu.

Sebule nzima ikavuta pumzi. Hakuna aliyekikalia kiti kile tangu mazishi. Hata watoto walikuwa wanakizunguka.

"Wee!" Amu Naji akaruka. "Inuka hapo! Huna adabu?"

Rahamim alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Akainuka, uso umempauka. "Nisameheni. Wallahi sikukusudia. Nimekaa hapa majira yote ya baridi, mwili umejiendea wenyewe."

"Hukukaa hapa," Yifat akasema kwa sauti ndogo. "Ulikaa studio."

Studio walijenga sebule yetu kwa mbao, kila kitu mahali pake, hadi doa la chai kwenye zulia. Nilijua kwa sababu walikuja kupima, na mimi ndiye niliyewashikia utepe.

"Naji, mwache," Mama akasema. "Mwache akae. Kiti nacho kimechoka kukaa peke yake."

Rahamim akaketi tena, ukingoni safari hii. Amu Naji hakunyamaza. "Mmorocco kwenye kiti cha mtu wa Baghdad! Kaka yangu Sasson angemrushia kiatu."

"Alinirushia," Rahamim akasema. "Kandambili. Siku ya kwanza nilipomwendea."

Nikainua kichwa. "Ulimwendea wapi? Mimi sijawahi kukuona hapa."

"Hospitali. Ulikuwa ukishamfikisha unaondoka kwenda kazini, mimi naingia. Nilitaka kujifunza anavyoshika vitu, anavyonyamaza. Alinikataza nisikwambie. Alisema, Sigal akijua ataniuliza maswali."

Ndivyo baba alivyokuwa. Ilibidi niangalie pembeni.

Mezani kulikuwa na vyakula vya majirani: mayai ya kuchemsha, sambusa za dengu, achari ya embe, bakuli la matango madogo. Mama alitaka kuinuka amtilie mgeni chai. "Mfiwa hainuki!" Amu Naji akamkemea, na Mama akarudi kukaa. Rahamim akajihudumia mwenyewe. Alichukua tango na kisu, akakata ncha, akaisugua ile ncha juu ya tango, taratibu, kwa kuzungusha, hadi povu jeupe likatoka, akalifuta kwa kidole gumba. Kisha akamenya kuelekea kifuani mwake, jambo ambalo Mama aliligombeza maisha yake yote. Akalipasua mara nne bila kulitenganisha chini, akatia chumvi ndani.

Mama alifunika mdomo kwa mkono. Kila asubuhi, kabla hajaenda kwenye basi lake, baba alitumenyea hivyo, akaacha mezani, akaondoka bila kuaga. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake.

Rahamim akampa Yifat. Yifat akalipokea. Kisha akachukua tango jingine, akalimenya vilevile, akanyoosha mkono mbele yangu.

"La pili," akasema. "Hili ni lako."

Sikulishika. "Umeambiwa na nani?"

"Nilimsomea muswada wote, macho yake hayakuwa mazuri tena. Alisikiliza hadi mwisho. Penye kumsema vibaya alicheka. Kisha akaniambia, mtoto ameandika vizuri, lakini mimi nina mabinti wawili. Namenya mawili. Nikamwambia, mzee, mimi mwigizaji tu, mwenye kuamua ni mwongozaji. Akaniuliza, kwani mikono nayo ni ya mwongozaji?"

Amu Naji akatoa kicheko kifupi kilichogeuka kuwa kitu kingine.

"Basi nikawa namenya mawili," Rahamim akaendelea. "Kila tuliporudia. Yifat anakasirika, la pili la nani? Namwambia, mikono imezoea hivyo, niache."

Nikamsogelea na kigoda changu. "Kwa hiyo limo? Kwenye filamu, limo?"

Wakati ule ningekwenda kuitazama pekupeku. Rahamim akainamisha macho, akaanza kufuta kisu ambacho kilikuwa safi.

"Nililikata," Yifat akasema. Alikuwa ameshikilia tango lake bila kulila, chumvi inamtiririkia vidoleni. "Kwenye uhariri. Anamenya la kwanza, anampa binti, nakata, asubuhi nyingine. Niliona litawachanganya watazamaji."

"Ulijua ni langu?"

Alilitazama tango lake. "Nilijua."

Chini barabarani gari likapiga honi. Lilikuwa la mtayarishaji, limekuja kuwachukua. Rahamim akainuka, akatuombea faraja kwa maneno yale wanayoambiwa wafiwa wote, akatutazama sote wawili alipoyasema.

"Nenda," nikamwambia Yifat. "Nenda kachukue tuzo yako. Hadithi imekaa vizuri." Nililisema limchome. Siku tano nilikuwa nataka akae. Sasa nilitaka aondoke, nimchukie kwa raha zangu, bila kuuona uso wake.

Alisimama. Akaenda ukumbini. Nikasikia honi ya pili, nikangoja kusikia viatu vyake ngazini. Badala yake akashika pembe ya shuka lililofunika kioo akajifuta mdomo, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi shuka jeupe la Mama likabaki na doa jekundu. Akarudi akaketi kwenye kigoda chake.

"Waambie niko matangani," akamwambia Rahamim. "Niko na dada yangu. Sema hivyo hivyo: na dada yangu."

"Nitasema," Rahamim akajibu, akaondoka.

Wanaume walikuja kwa sala ya jioni, wakaenda zao. Amu Naji akajifungia jikoni na redio ndogo. Anatafuta hali ya hewa, alisema. Redio ya watu wasiosikia vizuri. Tuliisikia hadi sebuleni. Rahamim alipata tuzo ya uigizaji. Baadaye kidogo ikatajwa filamu bora, na ilikuwa ya Yifat. Makofi yakamiminika. Kisha sauti ya mtangazaji, laini, yenye huruma ya kulipwa: mwongozaji hakuweza kuwa nasi usiku huu, kwani amefiwa na baba ambaye filamu hii inamhusu, yeye, binti pekee wa marehemu, yuko nyumbani akiomboleza peke yake.

Amu Naji akazima redio haraka, lakini neno lilikuwa limekwishafika.

"Rahamim alisema," Yifat akasema. "Najua alisema."

"Labda walimkata wakaweka matangazo."

Alicheka, kisha akaanza kulia, kilio kibaya, cha mdomo wazi, ambacho hakulia hata makaburini. "Siwezi kulirudisha, dada. Ikishashinda haifunguliwi tena. Inakwenda hivyo hivyo. Kila mahali itakwenda hivyo hivyo."

Nilijua. Dunia nzima ingemwona baba yetu akimenya tango moja, tena akisema Kiebrania safi cha msoma habari, yeye aliyetukana kwa Kiarabu cha Baghdad hadi siku ya mwisho. Na sisi tungebaki humu, kwenye vigoda, na ukweli ambao hauna pa kutokea. Sikumsamehe. Lakini nilikuwa nimechoka kukaa humo peke yangu, na sasa tulikuwa wawili.

Yifat akasogea mezani, akachukua matango mawili ya mwisho kwenye bakuli na kile kisu. Akaanza kumenya moja kwa moja, ganda nene, nyama imekwenda nalo.

"Ncha kwanza," nikamwambia. "Isugue hadi itoe povu, la sivyo litakuwa chungu."

Akasugua. Akalipasua vibaya, akatia chumvi nyingi mno, akanipa. Nililila. Kisha akamenya la pili, vizuri kidogo, akamnyooshea Mama.

Mama akausukuma mkono wake polepole. "Hilo ni lako. Kula."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi?" Mama akatazama kiti cha dirishani. "Baba yenu hajawahi kunimenyea mimi hata siku moja."

Alilisema bila uchungu, kama anayetaja bei ya mkate. Yifat akanitazama, nami nikamtazama. Maisha yetu yote tulikuwa tumehesabu hadi mbili tu.

Nikainuka.

"Mfiwa hainuki!" Amu Naji akapiga kelele kutoka mlangoni mwa jikoni.

"Nipishe, Amu," nikamwambia. "Matango mengine yako kwenye friji, chini."

Akanipisha.