Kadi Sitini na Moja

Nilikuwa natafuta kadi ya mizani ya kiwanda cha unga. Nikafungua droo isiyo yangu, na ndani nikakuta bunda la kadi lililofungwa kwa mpira. Juu ya ile ya kwanza, kwa mwandiko wa Fundi Mkuu, palikuwa na jina langu la kazini: Bi Sidhani.

Jina hilo nilipewa na mpiga rangi wetu, mtu asiyeweza kumaliza kopo moja la rangi bila kumpachika mwenzake jina. Nilishalizoea. Nilichoshindwa kuelewa ni kadi. Katika karakana yetu kadi ni za mizani, si za watu.

Utaratibu ni huu. Mizani ikiletwa, kabla hujagusa hata skrubu moja, unachukua kadi yenye safu mbili. Safu ya kushoto inaitwa Dhana, na hapo unaandika unachofikiri kimeharibika. Kisha unafungua. Safu ya kulia inaitwa Kilichokutwa, na hapo unaandika ulichokiona kwa macho yako. Hairuhusiwi kurudi kushoto kurekebisha. Fundi Mkuu aliweka sheria hiyo kabla sijafika, kwa sababu, alisema, fundi asiyeandika alichodhani atakwambia siku zote kwamba alijua. Naipenda sheria hiyo. Kwa miaka tisa sijawahi kuivunja, na dhana zangu kuhusu mizani huwa sahihi mara tisa katika kumi.

Kadi ya juu ilisema, kushoto: "Anasema mwenye bucha atairudisha kazi yake." Kulia: "Mwenye bucha ameleta mizani ya pili." Iliyofuata: "Anasema hataweza kufundisha wanagenzi, watamcheka." Kulia: "Amefundisha wiki mbili. Hakuna aliyecheka." Kila moja ilikuwa na tarehe.

Nilisoma kumi nikiwa nimesimama. Damu ikanipanda. Mtu huyu alikuwa amekaa benchi moja nami miaka tisa, akinywa chai, akiniuliza habari za nyumbani, huku akiokota kila neno lililonitoka na kulifungia kwenye droo.

Nilimkuta akifuta mawe ya mizani kwa kitambaa cha pamba, moja baada ya jingine, bila kuyagusa kwa vidole.

"Hizi ni nini?"

Aliziangalia. Hakushtuka, na hilo lilinikera zaidi. "Kadi."

"Za nani?"

"Zako. Si zimeandikwa juu?"

"Fundi, umenifungulia faili kama mizani ya bucha?"

"Mizani ya bucha ina kadi sita," alisema. "Wewe una sitini na moja."

Mpiga rangi aliangua kicheko kule pembeni, kisha akauona uso wangu na kukumbuka kwamba ana kazi.

"Ulikuwa unipe lini? Ukishastaafu?"

"Nilikuwa nangoja uniulize."

"Niulize kitu nisichokijua?"

Akaliweka mezani jiwe la kilo mbili, likiwa bado ndani ya kitambaa. "Hapo nimekosea," alisema.

"Nusu ya hizi ni uongo."

"Basi itafute iliyo ya uongo uniletee."

Ilikuwa Alhamisi. Fundi Mkuu alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na ni yeye peke yake aliyekuwa na leseni ya kupiga muhuri. Mizani isiyo na muhuri hairudi sokoni. Mwenye karakana alikuwa ametuambia wazi: fomu ya mtihani wa leseni iwe imefika ofisi ya vipimo Ijumaa kabla ya saa kumi, na ikiwa hakuna atakayepeleka, ataletwa mtu kutoka mji mwingine. Mtu huyo tulimjua kwa kazi zake. Hupiga muhuri bila kufungua. Anaigonga mizani ubavuni, anasikiliza, anapiga. Zile alizoziharibu huwa zinaishia kwangu. Mwaka juzi niliikataa fomu ile, mwaka jana nikaikataa tena, na ya mwaka huu ilikuwa imekaa mkobani siku nane. Nilikuwa nimeshaamua kwamba sina uwezo huo, na mambo yakaishia hapo.

Nilizibeba kadi nyumbani nikiwa na nia moja, kumuumbua. Nilizipanga mezani kwa tarehe, nikachukua penseli. Kufikia saa kumi na mbili jioni hesabu ilikuwa imekamilika. Kadi ya mwisho niliiweka kando kwanza, kwa sababu safu yake ya kulia ilikuwa tupu. Katika sitini zilizobaki, mambo yaliyojaribiwa yalikuwa thelathini na saba. Nilikuwa nimekosea thelathini na mbili, nimepatia matano. Yaliyobaki, ishirini na matatu, yalikuwa na neno moja tu upande wa kulia: "Haikujaribiwa."

Kosa lake nililipata, kadi ya kumi na nne. Mizani ya posta. Nilisema itarudi, na yeye akaandika kwamba haikurudi, wakati niliipokea mwenyewe wiki ambayo alikuwa mgonjwa. Kwa hiyo nilipatia sita, nikakosea thelathini na moja. Nilizungushia kadi ile duara. Ushindi wangu wote wa jioni ile ulikuwa huo.

Mdogo wangu aliingia kutoka zamu ya hospitali, bado na sare. Aliegemea kiti changu akasoma juu ya bega langu. Nilipofikiria kuzifunika, alikuwa ameshashika moja.

"'Anasema mdogo wake hatachukuliwa chuo cha uuguzi. Hana kichwa hicho.'" Alisoma taratibu, kama anavyosoma cheti cha mgonjwa. "'Amechukuliwa. Wa nne kwenye orodha.'"

Nilizivuta kadi zilizobaki karibu nami.

"Dada, siku ile ulinipigia pasi gauni la usaili. Ukaniambia nenda, nina imani na wewe."

"Nilikwambia."

"Na kazini ukasema sina kichwa."

"Nilikuwa najiandaa. Ukikosa nisije nikaumia."

"Uumie wewe? Mtihani ulikuwa wangu." Aliirudisha kadi mezani, akaokota nyingine, na safari hii sauti yake ilishuka. "Na hili bomba la jikoni? 'Anasema mwenye nyumba hatakubali kulitengeneza. Haikujaribiwa.' Miezi mitano nabeba ndoo kutoka bafuni. Uliniambia amekataa."

"Nilisema hatakubali."

"Ulisema amekataa. Mimi si mtoto, nakumbuka ulichosema. Ulikuwa umesimama hapo mlangoni umeshika kitunguu."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa na uhakika na jibu la yule mzee kiasi kwamba nililileta nyumbani kana kwamba limetoka kinywani mwake. Huo ulikuwa uongo, na nilikuwa nimeusema bila hata kujua kwamba nadanganya.

Mdogo wangu alitoa simu, akapiga, akaweka sauti juu.

"Bomba gani?" mwenye nyumba aliuliza. "Mbona hamkusema? Fundi atakuja kesho asubuhi."

Simu ilichukua chini ya dakika mbili. Nilitafuta mahali pa kumkasirikia mwenye nyumba, hakuniachia. Mdogo wangu aliingia chumbani bila kunitazama, akafunga mlango, tena kwa upole, na ningependelea angeubamiza.

Nikabaki na ile kadi niliyoiweka kando. Tarehe yake ilikuwa Jumatatu ya wiki ile. Haikuanza na "Anasema" kama nyingine. Ilisema tu: "Hatapeleka fomu." Dhana hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa yake.

Kesho yake saa saba, wengine walipokwenda kula, niliitoa fomu mkobani. Nilipofika kwenye mstari wa mtihani wa vitendo, yale ya kila siku yakaja kwa mpangilio wake: mkono utatetemeka, msimamizi ataona, wataulizana nani alimruhusu huyu. Nilichukua kadi tupu. Kushoto nikaandika: "Nitashindwa mtihani wa vitendo." Niliandika kwa herufi kubwa, nikikandamiza kalamu. Kisha nikaitazama safu ya kulia, na kalamu ikasimama. Hakuna nilichokuwa nimekiona. Sheria ya karakana haina utata: hujafungua, huandiki.

Ndipo hasira zikanigeukia mwenyewe. Yule mtu wa mji mwingine nilikuwa namdharau kwa kupiga muhuri bila kufungua. Mimi nilikuwa nimepiga mihuri ishirini na mitatu.

Nilijaza fomu, nikaenda kwa miguu. Karani wa ofisi ya vipimo aliigeuza mara mbili.

"Picha umeibandika kichwa chini, mama."

Nilijua tu, nikawaza. Halafu nikawaza tena: sikujua. Sikuwa nimeifikiria picha kabisa.

"Naomba gundi," nikamwambia.

Niliporudi, Fundi Mkuu alikuwa kwenye benchi lake. Niliweka kadi ya kumi na nne mbele yake, yenye duara.

"Mizani ya posta ilirudi. Angalia daftari la mapokezi, wiki uliyougua."

Alivaa miwani, akafungua daftari, akafuatisha kwa kidole. "Kweli," alisema, akaandika sahihisho pembeni ya kadi na kutia sahihi. "Umepatia sita, basi."

"Na hii." Niliichukua kalamu mkononi mwake. Kwenye kadi ya sitini na moja, safu ya kulia, nikaandika mwenyewe: "Imepelekwa Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini." Nikaisukuma mbele yake, kati ya mawe yake yaliyong'aa. "Hii umekosea wewe."

Aliisoma. "Nimekosea," alisema.

"Umekaa miaka yote hiyo ukihesabu nilivyokosea, na zamu yako ilipofika ukaandika hivyohivyo. Na hukuniambia neno."

"Ningekwambia, ungekubaliana nami."

Nilichukua bunda langu, nikaliweka kwenye droo yangu, nikafunga kwa ufunguo. Ile ya sitini na moja nilimwachia.

Mpiga rangi alikuwa amesimamisha brashi hewani, rangi ikimdondokea kiatuni. "Sasa Bi Sidhani," alisema, "huo mtihani utakuwaje?"

"Sijui."

Alingoja niendelee, maana huwa naendelea. Nilikuwa nimeshaivuta kwangu mizani ya kiwanda cha unga. Kushoto niliandika: "Springi imechoka." Nikachukua bisibisi, nikaanza kufungua.