Kibuyu cha Doto

Wifi yangu Marcelina alizaa pacha, Kulwa na Doto, na Doto hakumaliza hata mwaka. Alipozikwa, mama yangu alifanya kama walivyofanya wazee wetu Unyamwezi tangu enzi za misafara. Alichukua kibuyu kidogo, akakiviringishia ngozi ya mbuzi, akakivisha ushanga wa marehemu na kukilaza ubavuni mwa Kulwa. Kibuyu hicho hakichorwi uso, maana mwenye uso ni yule aliyebaki. Kila mlo kinaonjeshwa kwanza, ndipo aliye hai naye ale, asije akamfuata mwenzake kwa upweke.

Kulwa alipoanza kutembea, kazi ya kumlisha Doto aliichukua yeye. Alikipaka kibuyu uji, akakifuta kwa kiganja, halafu ndipo akafungua kinywa chake.

Kaka yangu Kasimiri, baba yao, aliona haya, akisema ni ushenzi. Alibatizwa ukubwani, na waliobatizwa ukubwani huwa Wakatoliki kuliko Padri. Katekista akipita, kibuyu kilifunikwa kwa ungo.

Kaka alikuwa mpishi wa Mswisi mmoja pale Tabora, mchoraji aliyeletwa na kampuni kuchora matangazo ya sabuni. Vita vilikuwa vimekwisha, na kwao Ulaya mataifa yalikuwa yanaandaa michezo ya theluji. Kasimiri alitueleza kwamba watu hujifunga mbao miguuni wakateremka mlima, na anayefika chini mzima hupewa nishani. Wenye michezo walitaka kikaragosi cha kuwekwa kwenye mabango, beji na viberiti, na bwana alikuwa akihangaika nacho. Alichora tembo mwenye skafu, akamchana. Akachora nyani, naye akamchana.

Asubuhi moja alikuja nyumba ya watumishi kumtafuta Kasimiri, akamkuta Kulwa anamlisha Doto. Bwana akaketi juu ya kinu na kuanza kuchora. Kulwa alimcheka, na pengo lake la mbele likaonekana. Marcelina alikuwa kisimani. Mimi nilikuwa namenya mihogo, na nilimsikia bwana akiomba kukiazima kile kitu.

"Ni kibuyu tu, bwana," Kasimiri akajibu. "Mchezo wa mtoto."

"Kaka, hicho si chako kutoa," nilimwambia kwa Kinyamwezi. Akaniambia nimenye mihogo, akampa bwana kibuyu.

Marcelina aliporudi hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa bwana. "Shikamoo, bwana. Naomba mwanangu."

Bwana hakuelewa, akamtazama mpishi wake. Kasimiri akamweleza kwamba mke wake anauliza kazi itakwisha lini. Nilitamani kumzaba kofi kaka yangu siku ile, na hamu hiyo ninayo mpaka leo. Bwana akatabasamu, akasema Jumapili.

Kabla ya Jumapili kampuni ilimwita Dar es Salaam, aendelee na safari ya kwao. Marcelina alikimbia mpaka stesheni na Kulwa mgongoni, akakuta treni imekwisha ondoka. Kibuyu kilikuwa kimefungwa ndani ya sanduku, katikati ya nyasi, kama chombo cha thamani. Kasimiri alimwandikia bwana. Hakujibiwa.

Tangu siku ile Kulwa alichota uji, akaunyoosha mkono upande wa mkeka uliokuwa mtupu, akangoja. Tulimbembeleza, tukamwimbia, tukamfinya. Mama alitengeneza kibuyu kingine na ngozi nyingine. Mtoto alikisukuma kwa mguu. Alikonda, tukaanza kumwona mbavu. Kisha ikaja surua. Mganga wa hospitali alisema ni surua iliyomuua, nami sibishani naye, kwani iliua watoto wengi mwaka ule. Ila hao wengine walikuwa wakila.

Kasimiri aliacha kuongea habari za ushenzi. Aliacha kuongea karibu kila kitu.

Baada ya mvua za mwaka uliofuata, posta walituletea mkebe mrefu wa bati kutoka Ulaya. Bwana alikuwa hajatusahau. Ndani mlikuwa na bango kubwa, na Kasimiri akalikunjua juu ya kitanda.

Palikuwa na mlima mweupe mtupu. Kibuyu chetu kilikuwa kinateremka juu ya mbao mbili, kimevuliwa ngozi, kimeachiwa ushanga shingoni. Kilikuwa na uso. Kilikuwa na macho ya Kulwa, mashavu ya Kulwa na pengo la Kulwa, na kilikuwa kinacheka.

Hatukuwahi kuwapiga picha watoto wale. Mama alitoka nje akilia. Kasimiri alinyoosha mkono alichane, Marcelina akamshika.

"Usiwaguse," alisema. "Wapo wote wawili."

Akaupitisha mkono juu ya ule weupe. "Na baridi yote hii wamewaacha uchi."

Alikwenda kukivua ngozi kile kibuyu cha pili, akarudi kuwafunika nayo mpaka shingoni. Akaketi ukingoni mwa kitanda kama mtu mwenye wagonjwa.

"Kasimiri," alisema, "lete uji."

Kaka yangu alikwenda jikoni, akarudi na bakuli na kijiko. Alipiga magoti pale kitandani na kuuliza aanze wapi.

"Tumboni," Marcelina akamwambia. "Doto kwanza."