Jina la Kiwiko
Darasa letu la kujiandaa kwenda Marekani lilikuwa Braamfontein, na mimi sikuweza kutulia kwenye kiti. Mwalimu Murielle, Mkongomani, alitufundisha kusimama wimbo wao wa taifa unapopigwa, kiganja kifuani.

"Na sisi tunaoswali?" nikamuuliza.

"Mtaswali, papa Haruna. Huko hakuna anayekuuliza dini. Ukishakula kiapo, wewe ni Mmarekani, basi."

Hiyo "basi" yake iliniudhi. Hata hapa, nchi tuliyokimbilia, tuliambiwa karibuni.

Kisha akaanza viungo vya mwili kwa Kiingereza. Akashika kiwiko chake. "Hiki kinaitwaje?"

Mke wangu Zubeda akasimama wima. "Indololwane," akasema.

Mwaka jana, 2008, vijana walisimama mlangoni kwetu wakishika viwiko vyao hivyohivyo. Aliyeshindwa kukitaja kwa Kizulu alipigwa kwa kuwa mgeni. Mdogo wangu alishindwa. Tangu siku ile Zubeda hulitamka neno hilo hata akipika.

"Hapana, mama," Murielle akasema polepole. "Kwa Kiingereza."

Zubeda hakuketi. "Na huko," akamuuliza, "watatuuliza kiungo gani?"