Nusu ya Hana

Nianze na Mzee Mazengo, maana mtu mbaya hapaswi kusubirishwa. Joshua, mwanawe mkubwa, alipofariki, mzee alitaka mjane wake, Hana, arithiwe na shemeji yake Batholomeo. Hana alikataa mbele ya ukoo, kwa adabu, akiwa amepiga magoti. Batholomeo alikuwa na mke tayari, Erica, na Hana alikuwa na mabinti wawili wa kulea, Penina na mdogo wake. Mzee hakugomba. Alisema tu kwamba shamba la bondeni, karibu na bwawa la Hombolo, haliwezi kulisha nyumba mbili. Hana na Erica walilime nusu kwa nusu msimu mmoja. Atakayevuna vizuri abaki nalo lote, atakayeshindwa arudi kwao na wanawe. Kijiji kizima kilisifu busara hiyo, kwa kuwa kijiji chetu ni chepesi cha kusifu.

Mvua zilipoanza alikuja Abdulrazaki, mwanafunzi wa chuo mjini, mtoto wa wenye duka wa Chang'ombe. Alikuwa na chupa za mbolea ya nano. Alieleza kwamba mbolea hii haitiwi chini, inapuliziwa juu ya mmea, na chembe zake ni ndogo mno hata zinapenya kwenye jani. Inakuza mahindi, na inazuia ule ugonjwa wa madoa unaokausha majani kabla mahindi hayajabeba. Alikuwa anatafuta shamba la kujaribia. Mzee akampa la bondeni bila kudai chochote, na kijana akachinjiwa kuku.

Aliyefurahi kuliko wote ni Hana. Yeye ndiye aliyembebea kijana maji kutoka bwawani, ndoo kwa ndoo, ya kujazia bomba la kupulizia. Erica alipalilia alipojisikia. Hana alikuwa shambani kabla jua halijachomoza, mabinti wake nyuma na majembe yao. Kila mara kijana alipomaliza kupulizia nusu ya Hana, Hana alimwambia, "Mungu akubariki, mwanangu." Kijana aliitikia akitazama viatu vyake.

Machi madoa yakaingia. Yalianzia majani ya chini, marefu, rangi ya majivu, yakapanda juu. Nusu ya Hana ilikauka. Ya Erica, hatua chache tu pembeni, ilikuwa ya kijani hadi inaudhi. Watu wakaanza kusema Hana ni mvivu. Erica akaongeza kwamba mwanamke aliyekataa kuolewa, ardhi nayo imemkataa, na neno hilo likapendwa mpaka kanisani.

Siku ya kuvuna Abdulrazaki alikuja na mizani. Hana akamvuta kando.

"Mwanangu, mimi sijasoma. Lakini mbegu ni moja na dawa ni moja. Mbona yangu yamekufa?"

Kijana akashusha mizani. "Mama, kwako nilipulizia maji matupu. Jaribio lazima liwe na upande usiopata dawa, ili tulinganishe. Tena tuliambiwa tusiwaeleze wakulima."

Ungetegemea amtukane. Hana alicheka, machozi yakamtoka kwa furaha. Kumbe hakushindwa. Akamshika mkono, akamkokota mpaka uani kwa mzee, ambako ukoo na majirani walikuwa wanangoja mavuno.

"Mwambie baba," alisema. "Mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia."

Kijana akasema yote. Majirani wakaguna. Hana alisimama wima, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Mzee alikuwa anachokonoa meno. "Kijana, siku ile ulipotaka kupiga kura upande upi upate maji, nilikujibu nini?"

"Ulisema shamba ni lako, mzee, hakuna kura."

"Nikakuonyesha upande upi?"

Darasani Abdulrazaki alifundishwa kwamba kura lazima ipigwe, lakini nyumbani alifundishwa kutobishana na wazee.

"Wa Mama Penina," alisema.

"Basi. Nilijua tangu mwanzo." Mzee akamgeukia Hana. "Hukutaka kuwa mke wa nyumba hii, hutakula shamba la nyumba hii. Kesho Batholomeo atakutafutia gari la kwenu Mkonze."

Hana akawatazama majirani mmoja mmoja. Wote walikuwa wamesikia. Erica akauliza kama magunia yake yaanze kuingizwa ndani, na watu wakakunja miguu ili wabebaji wapite.

Hana alirudi bondeni peke yake kuchukua jembe. Abdulrazaki akamfuata na mizani begani.

"Mama, nisamehe. Lakini naomba nipime na ya kwako. Bila ya kwako, yale ya kule hayathibitishi kitu."

Hana alikuwa amechoka mno hata hakuweza kukataa. Akayaokota mahindi yake, yenye punje moja moja kama meno ya kikongwe, akamshikilia mdomo wa gunia. Halikufika nusu. Kijana akalitundika, akasoma mizani, akasoma tena.

"Vizuri sana," alisema, kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa.