Pombe ya Kulimisha

Mara ya tano tangu kupambazuke, Hellena alitoka mlangoni kuangalia mbingu. Siku ya tisa ya mvua, na baridi ile ya Ufipa inayoingia mpaka kwenye kucha. Akarudi ndani, akafunua mtungi mmoja kati ya mitatu, akanusa, akafunika. Pombe ya ulezi ilikuwa imeiva. Ikilala mpaka kesho, ni ya kumwaga.

Na ulezi wenyewe ulikuwa wa mwisho nyumbani. Afanyeje? Tangu serikali iondoe ruzuku, mfuko mmoja wa mbolea bei yake mbuzi mzima, na ushirika uliokuwa ukikopesha umepigwa kufuli. Imebaki ntumba: unayafukia majani kwenye matuta ya mviringo, yakioza ndiyo mbolea ya mwakani. Lakini ni sasa, udongo ungali laini. Mvua ikikatika, jembe linadunda. Tena si kazi ya mtu mmoja. Unapika pombe, unaita majirani; anayekunywa analima.

Hodi ikapigwa. Si jirani. Ni Oswaldi, karani wa ushuru, koti la mvua mpaka magotini, na nyuma yake mgambo wawili na ndoo tupu. Hellena alipoziona zile ndoo, akajisogeza mbele ya mitungi.

"Shikamoo mama. Leseni ya pombe iko wapi?"

"Marahaba. Siuzi, mwanangu. Ni ya kulimisha."

"Siku hizi ni biashara huria, mama. Kila kitu biashara, na kila biashara ina leseni. Hebu nionje kwanza, niandike ni pombe gani."

Akapewa kibuyu, akakimaliza. Akaomba cha pili, nacho kikaenda. Huko ndiko kuonja kwake! Kisha mgambo wakajaza ndoo zao, wakasema ni kizibiti. Mitungi mitatu ikabaki mmoja.

Hellena akachukua jembe ukutani, akamnyooshea Oswaldi.

"La nini?"

"Umekunywa pombe ya shamba. Wewe Mfipa, au umesahau kwenu?"

Oswaldi akatazama pembeni. "Nilikuwa kazini, mama," akasema, akaondoka.

Majirani walifika saa nne, magunia ya nailoni vichwani. Kalisti, wa nyumba ya pili, akachungulia mitungi.

"Dada, pombe imekwenda wapi?"

"Kwa Oswaldi."

Wakanywa iliyokuwepo, wakalima kiasi cha walichokunywa, kama ilivyo desturi. Saa saba wakafuta majembe, wakaaga kwa haya. Wao nao mashamba yao yanawangoja. Nusu ya shamba la Hellena ilibaki na majani yamesimama, naye akalia kwa hasira, peke yake.

Kisha akalitupia jembe begani, akaenda ofisi ya kata na matope yake. Akaipita foleni, akaliegemeza jembe kwenye meza ya Oswaldi.

"Unataka nini tena, mama?"

"Vibuyu viwili ni matuta kumi. Twende, mvua ingalipo."

Mzee mmoja kwenye foleni akageuka. "Alikunywa?"

"Viwili."

"Na hajalima?"

Foleni nzima ikamtazama Oswaldi. Akainamia karatasi zake. Katika chumba cha nyuma mgambo walikuwa wanacheka, kicheko cha watu waliokunywa kizibiti.

"Nitakusubiri," Hellena akasema, akakaa kwenye benchi, mikono mapajani.

Akasikiliza bati. Mvua ilikuwa inapungua.