Jina Lililokosa Kisanduku

Barua ya muungano wa vituo vya kutazama nyota ilikuwa fupi: kila kituo kihamishie tovuti yake kwenye kiolezo kimoja kabla ya mwisho wa mwezi. Rangi moja, menyu moja, visanduku vilevile vya kujaza. Wangui Kimotho, anayetengeneza tovuti katika chumba kidogo mjini Kitale, akapewa kazi ya kituo cha Cheptais. Alidhani ni ya siku mbili. Ilimla wiki tatu.

Tovuti ya zamani aliiandika Mwalimu Khaemba wa Bungoma, mstaafu wa fizikia, kwa miaka kumi na moja. Ilikuwa kama stoo: picha za kupatwa kwa mwezi, majina ya shule zilizotembelea, malalamiko kuhusu mawingu. Wangui alikata, akafupisha, akabandika. Macho yalimwasha, mgongo ukakataa kunyooka.

Kwenye ukurasa wa wafanyakazi alikwama kwa Bramwel Wekoye. Huyo ndiye aliyesugua kioo cha darubini kwa mkono, miezi minane, nyuma ya nyumba yake kule Bumula. Alifariki mwaka juzi. Kiolezo kilidai kila mtu awe na barua pepe. Wangui aliacha pengo, kikakataa kuhifadhi. Akaweka kistari, kikakataa tena, kwa maandishi mekundu. Mwishowe akafuta jina, wala hakumwambia mtu. Jumatatu tovuti ikaenda hewani.

Jumatano Mwalimu akapiga simu.

"Wangui, Bramwel ameenda wapi?"

Akamweleza. Mwalimu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mke wake ndiye ameona kwanza. Roselyne huwa anafungua huo ukurasa kwa simu, anasoma jina, anafunga. Leo hakulipata. Ananiuliza, ati siku hizi tunafuta kazi hata wafu?"

Wangui akaomba kumwona Roselyne. Kesho yake alibeba kompyuta akaenda Bungoma.

Alimkuta Roselyne sebuleni kwa Mwalimu, ameketi wima, kitambaa kichwani, mkoba mapajani.

"Mulembe, Mama," Wangui alimsalimu, na kabla hajaketi akaendelea, "ni mimi nilimtoa. Mashine ilikataa, na nilikuwa nimechoka. Ningekupigia kukuuliza. Sikupiga."

Roselyne akamwonyesha kiti.

"Kuchoka naelewa," akasema. "Hata mimi nimechoka. Lakini si ungesema tu, bana."

Mwalimu akaleta chai. "Weka barua pepe yangu kwa jina lake," akashauri.

"Na mtu akimwandikia Bramwel, utajibu wewe?" Roselyne akauliza.

Mwalimu akaweka birika chini. "Aa. Hapo nitakuwa mwongo."

Basi wakaanza kupitia kiolezo chote wakitafuta mahali pengine pa jina hilo, kisanduku baada ya kisanduku, Wangui akisoma kwa sauti iliyokauka. Saa za kufungua. Njia ya kufika. Tafiti. Walipofika kwenye vifaa, alisoma haraka ili amalize: "Darubini. Upana wa kioo. Mwaka. Aliyeitengeneza."

"Rudia hiyo ya mwisho," Roselyne alisema.

Wangui akainamia kioo cha kompyuta. Kisanduku kilikuwa kitupu. Alikiruka kwa sababu hakikuwa cha lazima. Akaona aibu ikimpanda shingoni.

"Hapa hawaulizi barua pepe," alisema polepole. "Na kuna nafasi ya maelezo kidogo."

Roselyne akaanza kusema, Wangui akiandika: kwamba Bramwel alichekecha mchanga wa kusugulia kwa kitambaa cha pazia, kwamba alizunguka pipa alilowekea kioo akisugua mpaka nyasi zikaisha chini ya miguu yake, kwamba kioo cha kwanza kilipasuka naye akakaa siku mbili bila kuongea, kisha akaanza kingine. Maneno yakazidi nafasi. Wakayapunguza pamoja. Pazia likatoka, nyasi zikabaki.

Wangui akabonyeza. Kiolezo kikahifadhi bila kelele.

Roselyne akafungua ukurasa kwenye simu yake, akasukuma kidole juu, tena, tena.

"Jina liko chini sana," alisema.

"Ndiyo, Mama. Hapo juu siwezi kubadilisha."

"Sawa. Nitakuwa nateremka."

Akasoma mara mbili, akatia simu mkobani, akaaga. Mwalimu alipomaliza kumsindikiza hadi barabarani, alirudi akamkuta Wangui amelala pale kitini, kikombe kimejaa bado. Akaiondoa kompyuta magotini pake, akamwacha apumzike.