Ubao Mlangoni

TANGAZO
Makumbusho ya Familia ya Haugen, milima ya Usambara. Hufunguliwa saa tatu asubuhi. Vua viatu. Usiguse vifaa. Usikalie kitanda cha marehemu.

Saa tatu imeshapita.

1.
Sigridi Haugen amesimama nje, ufunguo mkononi. Mlangoni, juu ya tangazo, kuna ubao ambao jana haukuwepo.

2.
KIFAA NA. 4 (lebo aliiandika Sigridi mwenyewe, likizo ya chuo)
Ubao wa kunyooshea nguo, wa enzi za kabla ya pasi. Mpini umechongwa farasi. Kwao Norwei, kijana alichonga ubao kama huu, akautundika mlangoni kwa msichana, akaenda zake. Msichana akiuingiza ndani, amekubali. Akiuacha nje, amekataa. Huu Halvor Haugen, seremala, aliutundika mlangoni kwa Naomi Shemzigua.

3.
Kaseti. Sauti ya Naomi, bibi yake Sigridi, uzeeni:
«Posa? Nani aliniambia ni posa? Niliona mvua inakuja, ubao mzuri unalowa bure. Nikauingiza. Kesho yake Mzungu huyo, kachana nywele, anacheka peke yake. Mama akaniuliza, huyu kala nini? Alipojua kosa lake akaona haya, akataka auchukue aondoke. Ndipo nikamwambia»

Utepe umekatika hapo.

4.
Vilivyomo:
sanduku lenye maua ya kuchorwa, halina kufuli
soksi za sufu, jozi moja na nusu
Biblia ya Kinorwei, hakuna aliyebaki wa kuisoma
Baba, miaka sitini na minane, goti bovu, hadithi ile ile kwa kila mgeni
Sigridi

5.
«We Sigridi! Unaukodolea macho kama umekuta nyoka!» Shangazi Ester huyo, dirishani kwake.
«Shangazi, sauti.»
«Sauti gani? Mpaka muuza maziwa kashauona! Uingize au uurudishe, sisi tujue kama tunapika.»

6.
Shekiondo. Fundi aliyekuja Machi kutengeneza mlango. Kazi ya siku moja, akaifanya tatu. Alisoma lebo zote, Na. 4 mara mbili.

«Na kama msichana ana haya?» aliuliza.

«Usiguse, tafadhali,» alijibu Sigridi.

Usiku ule alijizomea mpaka alfajiri.

Jumatatu Shekiondo anahamia Njombe. Amepata kazi.

7.
Mpini wa ubao huu wa mlangoni si farasi. Ni mbega, mkia mrefu, mgongo umelainishwa kwa msasa mpaka unang'aa. Chini yake: S.H. Kisha nafasi ya mwaka.

Tupu.

8.
Wewe unayesoma, usimharakishe. Akienda Njombe, nani atamshika Baba mkono kwenye ngazi? Nani atakumbuka soksi ya nne ilipotelea wapi? Na asipokwenda, atakaa humu mpaka naye aandikiwe

9.
«Wageni wamefika?» Baba, kutoka uani.
«Bado.»
«Mawingu hayo. Mimi sijasema kitu.»
«Baba, na wewe je?»
«Mimi nina fimbo. Usinifanye mimi kisingizio, mama.»

10.
Tone.

Tone.

Naomi alikuwa na mvua ya kusingizia. Naomi hakujua. Lakini lebo aliiandika nani?

11.
Sauti njiani, watu wanapanda mlima:
«Ndiyo hapa?»
«Mbona pamefungwa?»
«Hodi! Tunalowa jamani!»

12.
Jambo moja halijaandikwa kwenye lebo yoyote. Mlango huu zamani ulifungukia nje. Machi, Shekiondo alisimama na bawaba mkononi, akauliza, «Niuache hivyo, au ufungukie ndani?»

«Ndani,» alisema Sigridi. Neno lake refu kuliko yote siku ile.

Ubao umetundikwa kwenye mlango wenyewe, utaingia nao. Angeweza kuutoa kwanza, auegemeze ukutani, kisha afungue. Ni msumari mmoja tu.

Anavua viatu.

«Karibuni,» anasema, bila kugeuka.

Ufunguo wa kitasa hiki huzungushwa mara mbili.

Moja